Kutoka kwenye faili la siri hadi riwaya ya kijasusi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Desemba 1960, Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Wanaume wawili wamepanga hoteli moja. Kwenye makaratasi mmoja anaitwa QJWIN na mwingine WIROGUE. Wote wawili wanalipwa na CIA, na hakuna aliyeambiwa habari za mwenzake. QJWIN anamchunguza jirani yake, kisha anaripoti kwenye kituo cha CIA cha mji huo kwamba mtu huyu ananuka ushushushu. Kituo kinamjibu kwamba hakimfahamu. Tarehe 14 Desemba anarudi na habari nzito zaidi: yule bwana amemwahidi dola 300 kwa mwezi ajiunge na mtandao wa ujasusi na kikosi cha kuua, na alipokataa akaongezewa ahadi ya bakshishi kwa kila kazi maalumu.

Kisa hiki hakikutungwa. Kimo katika ripoti ya kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church, iliyotolewa Novemba 1975, na yeyote mwenye simu na bando anaweza kuisoma usiku huu bila kulipa senti. Niliposoma ukurasa ule kwa mara ya kwanza niliweka kando riwaya niliyokuwa nikiandika. Ilikuwa na bastola nne na helikopta, lakini haikuwa na kitu chochote chenye nguvu kama wale watu wawili wanaopishana kwenye ngazi za hoteli.

Mwongozo huu ni wa mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuandika riwaya ya kijasusi kwa kutumia mafaili ya namna hiyo. Nimeupanga kwa hatua kwa sababu ndivyo ninavyofanya kazi mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua faili moja, usichague mada

Ukisema "nitaandika kuhusu Vita Baridi Afrika" utasoma mwaka mzima na hutaandika ukurasa. Chagua tukio moja lenye tarehe, mji, na watu wasiozidi sita. Kisha litafutie makaratasi yake.

Mahali pa kutafuta ni pengi kuliko wengi wanavyodhani. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina mfululizo wa majuzuu ya nyaraka za uhusiano wake na nchi nyingine, na yote yapo mtandaoni bure: telegramu za mabalozi, kumbukumbu za vikao, barua za ndani. Juzuu la Kongo la miaka ya 1960 hadi 1968 lilitoka mwaka 2013, na humo kuna telegramu za CIA zenyewe. CIA nayo iliweka mtandaoni kurasa zipatazo milioni 12 Januari 2017, ambazo kabla ya hapo ulilazimika kwenda kuzisoma kwenye kompyuta chache huko Maryland. Kuna nyaraka zinazohusu kuuawa kwa Rais Kennedy, zilizoamriwa kufunguliwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kutolewa kwa awamu hadi 2025. Usidanganyike na jina lake, humo kuna mengi yasiyohusu kabisa Dallas, mji alikouawa.

Uingereza inahifadhi mafaili yake Kew, London. Ukiona alama KV 2, hayo ni mafaili ya MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, kuhusu mtu mmojammoja. Ukiona FCO 141, simama hapo, nitayarudia mbele, kwa sababu humo tumo sisi. Ujerumani ina mafaili ya Stasi, polisi wa siri wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki, yenye urefu wa takriban kilomita 111 ukiyapanga kwenye rafu, pamoja na magunia yapatayo elfu kumi na sita ya karatasi zilizochanwa haraka mwaka 1989 na 1990. Na Cambridge kuna nakala za Vasili Mitrokhin, mtunza nyaraka wa KGB, shirika la ujasusi la Muungano wa Kisovieti, aliyekuwa akinakili mafaili kwa mkono na kuzificha karatasi kwenye viatu akitoka kazini. Alihamia Uingereza mwaka 1992, na sehemu kubwa ya makaratasi yake ilifunguliwa kwa wasomaji mwaka 2014.

Hapa kwetu, Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue Nairobi, Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya Tanzania hazitakupa telegramu za majasusi kwa urahisi. Zitakupa kitu kingine unachokihitaji sana: bei ya mchele mwaka huo, jina la barabara kabla haijabadilishwa, malalamiko ya karani kuhusu taipureta. Nenda ukayachukue.

Neno moja la tahadhari, nalisema kwa uzito. Tumia yaliyofunguliwa kisheria. Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, Kenya ina sheria yake ya siri za serikali, na mtu akikuletea karatasi yenye mhuri ambayo haijafunguliwa, hiyo si zawadi kwa mtunzi. Mrudishie.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma telegramu

Mara ya kwanza soma bila kalamu. Utachoka, utaona namba na vifupisho tu, na hiyo ni sawa. Mara ya pili anza juu kabisa ya ukurasa, pale ambapo wasomaji wengi huruka.

Juu kuna daraja la usiri, tarehe, nani ametuma, nani amepokea, na kiwango cha haraka. Mwandishi hupata mengi hapo. Telegramu ya haraka iliyotumwa saa nane usiku ina mtu aliyeamshwa. Telegramu yenye orodha fupi ya wapokeaji ina siri ambayo hata ofisi ya jirani haitakiwi kuijua. Njama ya kumtilia sumu Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ilikuwa na njia yake ya pekee ya telegramu, iliyopewa alama PROP, ili maofisa wengine wasizione. Telegramu ya Septemba 19, 1960 ilimtaarifu mkuu wa kituo cha Léopoldville, Larry Devlin, kwamba atatembelewa na mtu atakayejitambulisha kama "Joe kutoka Paris". Joe alikuwa Sidney Gottlieb, mkemia wa CIA. Alikuja na sumu, glavu za mpira, barakoa na bomba la sindano, na maelezo kwamba sumu iwekwe kwenye chochote kitakachofika mdomoni mwa Lumumba, chakula au mswaki. Devlin akaifungia kwenye sefu. Baadaye ikatupwa Mto Kongo. Lumumba aliuawa Katanga Januari 17, 1961, kwa risasi, mikononi mwa watu wengine.

Sasa tazama ile sefu. Sumu ilikaa humo siku baada ya siku ndani ya ofisi ambamo watu waliingia, wakanywa kahawa, wakasaini barua. Ukitaka sura ya riwaya, unayo.

Kuhusu mistari iliyofutwa kwa wino mweusi: usiiogope. Pima urefu wake. Jina lenye herufi nne huacha doa fupi, cheo kirefu huacha doa refu. Zaidi ya hapo, waraka mmoja mara nyingi hutolewa zaidi ya mara moja katika miaka tofauti, na aliyefuta mwaka huu si yule wa mwaka ule. Weka nakala mbili kando kwa kando. Pale palipofichwa kwenye ya kwanza panaweza kuwa wazi kwenye ya pili. Nimekaa siku nzima juu ya sentensi moja kwa namna hiyo, na sijutii.

Hatua ya 3: Fuata pesa ndogo na takataka za mfukoni

Mwandishi anayeanza hukimbilia pale faili linaposema "operesheni". Mimi nawashauri waende kwenye risiti. WIROGUE, kabla ya kupelekwa Kongo, alifanyiwa upasuaji wa kubadili sura na kupewa nywele za bandia ili Wazungu waliomjua asije akakutana nao barabarani wakamtambua. Fikiria nywele zile katika joto la Léopoldville. Fikiria jasho kwenye gundi saa saba mchana, mbele ya mtu anayetaka kumwajiri. Faili limesema neno moja tu; ngozi ya kichwa ni kazi yako.

Mfano bora ninaoujua wa takataka za mfukoni ni wa Waingereza. Mwishoni mwa Aprili 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, walitupa maiti baharini karibu na Huelva, Hispania, ikiwa imevalishwa sare ya meja wa kubuni aitwaye William Martin, na kufungiwa mkoba wa barua za uongo ili Wajerumani wadhani mashambulizi yatakuja Ugiriki na Sardinia badala ya Sicily. Barua zile zilikuwa kiini cha udanganyifu, lakini zilizomfanya Meja Martin awe mtu ni vitu vingine: vipande vya tiketi za thieta, risiti ya pete ya uchumba, barua za mapenzi, picha ya msichana, na barua ya meneja wa benki inayomkumbusha deni la pauni 79, shilingi 19 na peni 2. Angalia zile peni mbili. Mtu aliyeziandika alielewa utunzi kuliko wengi wetu. Na wazo la kutumia maiti yenye nyaraka lilikuwa limetajwa katika waraka wa idara ya ujasusi wa jeshi la majini mwaka 1939, ambao wenyewe ulikiri kwamba umelichukua kutoka riwaya ya upelelezi. Majasusi walimsoma mtunzi kabla mtunzi hajawasoma wao.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa daftari uandike vitu tu. Hakuna matukio hapo, hakuna mawazo. Nywele za bandia. Sefu. Mswaki. Peni mbili. Ukifikisha vitu ishirini, una riwaya zaidi kuliko aliye na muhtasari wa kurasa kumi.

Hatua ya 4: Chora daftari la nani anajua nini

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wengi huiruka.

Riwaya ya kijasusi haiendeshwi na risasi. Inaendeshwa na tofauti ya maarifa kati ya watu waliomo chumba kimoja. Chukua kila mhusika, mwandikie anachokijua, asichokijua, na anachodhani anakijua ilhali si kweli. Kwa ile hoteli ya Léopoldville daftari langu lilikuwa hivi:

QJWIN: anajua yeye ni wa CIA. Hajui jirani yake ni wa nani. Anadhani kituo kinamwambia ukweli.

WIROGUE: anajua yeye ni wa CIA. Anadhani jirani yake ni mtu mkavu wa mjini anayetafuta kibarua.

Kituo: kinawajua wote wawili. Kimemdanganya QJWIN. Hakikumtuma WIROGUE kuunda kikosi cha kuua, kwa maelezo yake chenyewe, na sasa kinalijua jambo hilo kupitia mdomo wa mtu kiliyemdanganya.

Mhudumu wa hoteli: ?

Alama ile ya kuuliza niliiacha makusudi. Anayebadilisha shuka za vyumba vyote viwili anajua nini? Hayumo katika ripoti. Amekuwa akiwaona wote wawili kila asubuhi, ameona nywele zikiwa juu ya meza ya kitanda. Yeye ndiye anayejua kwamba mmoja wa wale wawili si yule anayejifanya kuwa, na hakuna aliyefikiria kumuuliza.

Sasa panga sura zako kwa kubadilisha mistari ya daftari hilo. Kila sura lazima mtu mmoja ajue jambo ambalo mwanzoni mwa sura hakulijua, au agundue kwamba alilodhani analijua ni uongo. Sura ambayo haibadilishi mstari wowote, hata kama ina mapigano ya kurasa tano, ikate.

Hatua ya 5: Mtafute asiyetajwa jina

Mafaili mengi yanayohusu nchi zetu yaliandikwa na wageni. Ukiyasoma utakuta sisi tumo humo kama "chanzo", "dereva", "karani", "mtoa habari Mwafrika". Mwandishi wa Kiingereza atafanya mhusika mkuu wake yule aliyeandika telegramu. Wewe una nafasi ambayo yeye hana: kumfanya mhusika mkuu yule ambaye telegramu ilimpita.

Nitaeleza kwa kisa cha Zanzibar. Januari 1965 Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, Frank Carlucci aliyekuwa konseli Zanzibar, na Robert Gordon wa ubalozi wa Dar es Salaam. Walituhumiwa kula njama dhidi ya serikali. Ushahidi ulikuwa mazungumzo yao ya simu yaliyonaswa. Kwa maelezo ya Wamarekani, wawili wale walikuwa wakizungumzia namna ya kuishawishi Washington itume salamu za pongezi kwa maadhimisho ya Mapinduzi, Januari 12, na wakatumia neno la risasi kwa maana ya hoja za kumshawishi mkubwa. Aliyekuwa akisikiliza alisikia risasi. Washington nayo ikamfukuza mshauri wa ubalozi wa Tanzania, na Nyerere akamwita nyumbani balozi wake. Carlucci baadaye alikuwa naibu mkurugenzi wa CIA, na mwaka 1987 akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, kwa hiyo usishangae kwamba wapo ambao mpaka leo hawayaamini maelezo yale ya hoja na pongezi. Mtunzi hana haja ya kuamua. Shaka hiyo ni mali yake.

Katika makaratasi ya Wamarekani yaliyochapishwa, wawili wale wana majina, vyeo na historia ndefu. Yule aliyeshika chombo cha kusikilizia hayupo. Ni nani? Alijifunza Kiingereza wapi? Mwaka mmoja tu umepita tangu Mapinduzi. Ana ndugu aliyekimbia? Ana bosi wa kumwogopa? Mimi nilimtunga msichana, nikampa jina Mwanaidi, nikamkalisha kwenye kiti. Hii ni rasimu yangu ya kwanza:

Mwanaidi alikibana chombo sikioni hadi sikio likauma. Kiingereza cha darasani kilikuwa na mwalimu wa kukisema taratibu, hiki kilikimbia. Akaandika alichokidaka: risasi. Akaliandika neno tena pembeni, akalipigia mstari, kisha akatamani kuufuta ule mstari. Mkubwa wake alikuwa keshasimama nyuma yake.

"Wamesema nini?"

"Wanataka risasi, Ndugu."

"Za nini?"

Akaangalia karatasi. Neno lilikuwepo, tarehe ilikuwepo. Cha kuviunganisha hakikuwepo.

"Za tarehe kumi na mbili," akasema.

Angalia nilichochukua na nilichoongeza. Simu, neno, na tarehe nimevichukua. Mstari chini ya neno ni wangu, na riwaya nzima imesimama juu ya mstari huo, kwa sababu binti huyu sasa anajua kwamba huenda amekosea, na kesho wageni wawili watafungashiwa virago kwa kalamu yake.

Sasa turudi kwenye FCO 141, alama ya mafaili yaliyohamishwa kutoka makoloni. Waingereza walipokuwa wakiondoka kwenye makoloni, waliyachambua mafaili yao chini ya mpango ulioitwa Legacy, yaani urithi. Mwaka 1961 iliagizwa kwamba serikali mpya zisiachiwe karatasi zinazoweza kuiaibisha Uingereza au kuwafichua watoa habari. Kenya, mafaili ya siri zaidi yalipigwa mhuri wa herufi W nyekundu, na kuyashika kuliruhusiwa kwa maofisa Wazungu pekee. Mengine yalisafirishwa kwa ndege hadi London. Mengine yalichomwa, na maagizo yakataka hata majivu yasagwe. Iliruhusiwa pia kuyafunga kwenye makasha mazito na kuyatosa baharini, mbali na pwani, penye kina kirefu na pasipo na mkondo. Na pale faili lilipoondolewa na pengo lake likaonekana kwenye rafu, liliweza kuwekwa faili la bandia mahali pake.

Serikali ya Uingereza haikukiri kuwa na yale iliyoyasafirisha hadi mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya walioteswa enzi za Mau Mau walipoipeleka mahakamani London. Yalikutwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, mafaili yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37. Juni 2013 Uingereza ilitangaza kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Mtunge karani wa Nairobi, Novemba 1963, wiki chache kabla ya uhuru. Amefanya kazi kwenye chumba kile miaka tisa. Hana ruhusa ya kugusa yenye W. Lakini asubuhi moja anapitisha kidole kwenye rafu na kukuta faili moja halina vumbi, na mgongo wake umeandikwa kwa mwandiko asioujua. Kila riwaya iliyowahi kuandikwa kuhusu jasusi anayepiga picha nyaraka usiku inaweza kusubiri nje wakati karani huyu anafungua faili lile na kukuta karatasi tupu.

Hatua ya 6: Lishuku faili lako

Kuwa la siri hakulifanyi faili kuwa kweli. Mtoa habari hulipwa kwa habari, na asiyekuwa nayo huitunga. Ofisa huandika ili apandishwe cheo. Aliyekosea huandika ili asifukuzwe.

Juan Pujol, Mhispania ambaye MI5 walimwita Garbo, alianza kwa kuwaandikia Wajerumani taarifa kutoka London ilhali yuko Lisbon na hajawahi kukanyaga Uingereza. Aliwaambia kwamba huko Glasgow wapo watu watakaofanya lolote kwa lita moja ya divai, na Wajerumani hawakushtuka. Baadaye, akiwa kweli upande wa Waingereza, alibuni mtandao wa watu 27 wasiokuwepo. Mmoja wao, wa Liverpool, ilipolazimu "afe", Wajerumani wakashawishiwa kumlipa mjane wake pensheni. Pujol alipata nishani kwa pande zote mbili, Msalaba wa Chuma kwa Wajerumani na MBE kwa Waingereza. Ukiyasoma mafaili ya Wajerumani peke yake, wale 27 ni watu halisi.

Nasi tulikuwa na kisa chetu. Novemba 1964 magazeti ya Dar es Salaam yalichapisha nyaraka zilizodai kwamba Marekani na Ureno zinapanga njama dhidi ya Tanzania, na ubalozi wa Marekani ukasema ni za kughushi. Miezi miwili baadaye ikaja ile simu. Panga matukio hayo mawili kwa mfuatano na utaona kwa nini aliyesikia neno risasi alikuwa tayari kulisikia.

Kwa mtunzi, uongo ndani ya faili ni hazina kuliko ukweli, mradi ujue ni uongo wa nani. Andika kando ya kila waraka: nani alifaidika kuandika hivi?

Hatua ya 7: Watafutie watu wako Kiswahili chao

Hapa riwaya nyingi za vijana huharibika. Wahusika huzungumza kama filamu iliyotafsiriwa. Watu wa kazi hii hawaitani "wakala namba saba". Mtaani watu husema shushushu, kachero, watu wa usalama, au hawasemi kabisa. Huinua tu macho kuelekea kwa mtu aliyekaa peke yake na soda isiyopungua. Wenyewe kwa wenyewe husema mzigo, kazi, mgeni, mzee. Tumia maneno mepesi. Mahali pa kuachiana barua bila kukutana hapahitaji istilahi. Wahusika wako wana jina lao la pale, "kwa mama muhogo", na msomaji ataelewa kufikia ukurasa wa pili.

Majina ya siri nayo yana ufundi wake. Herufi mbili za mwanzo za CIA mara nyingi zilionyesha nchi au mradi, WI kwa Kongo, AM kwa Kuba, na neno lililofuata halikutakiwa kumweleza mtu. Usimwite mpelelezi wako "Simba wa Vita". Mwite "Kikapu". Jina lisilobeba maana humtisha msomaji zaidi.

Na adabu za mahali. Ofisa kijana wa Unguja mwaka 1965 hamwiti mkubwa wake kwa jina. Mzee wa Lamu anayehojiwa atauliza kwanza habari za nyumbani, na mhoji mwenye akili atajibu zote. Mahojiano bora niliyowahi kuandika yanaanza kwa shikamoo na yanachukua kurasa mbili kabla swali la kwanza halijaulizwa.

Hatua ya 8: Linda majina na majeraha

Aprili 24, 1954 jeshi la Uingereza lilianza kuizingira Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Watu walipitishwa kwa foleni mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Wakikuyu waliwaita gakunia, yaani kigunia. Gunia likitikisa kichwa, mtu anapelekwa kizuizini.

Waliovaa magunia walikuwa na watoto. Waliopelekwa kizuizini pia. Wajukuu wa pande zote mbili wanasoma riwaya, na huenda wanaishi kijiji kimoja. Ukikuta jina la mtoa habari wa kawaida ndani ya faili lililofunguliwa, usilipeleke kwenye riwaya yako. Badilisha jina, badilisha wilaya, badilisha kazi aliyoifanya, hata jinsia ikibidi. Watu wa historia ya wazi, marais, mabalozi, wakuu wa vituo waliokwisha kutajwa hadharani, unaweza kuwaacha na majina yao wakipita nyuma ya hadithi, lakini usiwawekee midomoni maneno ya uhalifu ambayo huna pa kuyatoa. Moyo wa riwaya mpe mtu wa kubuni.

Hatua ya 9: Funga faili, andika

Ukiwa na vitu ishirini, daftari la maarifa la watu sita na mtu mmoja asiyetajwa jina, funga kila kitu kwenye bahasha na usiifungue kwa siku 40. Andika rasimu kwa kumbukumbu. Utakachokisahau kilikuwa mzigo tu. Utakachokikumbuka, peni mbili, mstari chini ya neno, ndicho riwaya yako.

Kisha rudi na kalamu nyekundu uhakiki: Je, simu hiyo ingeweza kupigwa saa hiyo? Barabara iliitwa hivyo mwaka huo? Mhusika wako wa 1963 ametumia neno la mwaka 2010? Sahihisha tarehe na vitu. Usianze kumwaga historia mpya ndani ya sura zilizokwisha kusimama.

Mwanaidi wangu yuko sura ya tisa sasa. Wageni wameondoka kwa ndege, mkubwa wake amepata cheo, naye kila jioni anarudi nyumbani na kamusi ya Kiingereza aliyoazima shuleni, anatafuta maana nyingine za neno moja.